Waziri Mkuu wa Tanzania, wa Kenya, wa Uganda, Waziri Kiongozi wa Zanzibar: jina ni moja, mbona kazi si moja?

mtu_wa_masjala

Wakuu, salaam.

Jumapili nilikuwa Holili kwa dada yangu. Shemeji ni mtu wa Taveta, ng'ambo tu ya mpaka, na luninga ya pale nyumbani haibanduki stesheni za Nairobi. Taarifa ya habari ikaanza, mtangazaji akasema "Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi". Mpwa wangu wa darasa la sita akaacha kula. Ana kazi ya nyumbani ya uraia: taja kazi tatu za Waziri Mkuu. "Mjomba, huyu ndiye Waziri Mkuu wa Kenya?" Shemeji akasema ndiyo, ni kitu kile kile, maneno yamegeuzwa tu. Mimi nikasema hapana. Dada akasema tuleni kwanza.

Tukala, lakini ubishi haukuisha, nikaona niulete huku.

Nimefanya kazi masjala ya mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa mpaka nikastaafu, kwa hiyo cheo hiki nimekiona kwa upande wa chini, upande wa barua na mafaili. Nilichokuja kugundua ni kwamba jina la cheo halikwambii kitu. Ukitaka kumjua Waziri Mkuu wa nchi yoyote uliza matatu: nani kampa kazi, nani anaweza kumnyang'anya, na Baraza la Mawaziri likikutana ni nani anakalia kiti cha mwenyekiti.

Tuanze na kwetu. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu tangu Mei 1961, na siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza, hapa akiwakilishwa na Gavana Jenerali, Richard Turnbull. Serikali ilikuwa ya Waziri Mkuu. Kiti cha Baraza ni chake, mawaziri ni wake. Januari 1962 Mwalimu akajiuzulu kwenda kuijenga TANU, akamwachia Rashidi Kawawa. Mwaka haujaisha, 9 Desemba 1962 tukawa Jamhuri, Mwalimu akarudi kama Rais, na kile kiti akaondoka nacho kwenda Ikulu. Cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kawawa akawa Makamu wa Rais, na baada ya Muungano wa 1964 Karume akawa Makamu wa Kwanza, Kawawa wa Pili.

Sasa sikilizeni. Februari 1972 cheo kikafufuliwa, na mtu ni yule yule, Kawawa. Lakini kiti hakikurudi. Kilichorudi ni jina, likapewa kazi mpya, na kazi yenyewe ilitokana na jambo lililokuwa linawasumbua wakubwa mwaka ule: Madaraka Mikoani. Serikali za mitaa zilivunjwa, watendaji wakashushwa mikoani na wilayani, na mikoa yote ikahitaji mtu mmoja pale juu wa kuisimamia. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo iliyobebeshwa. Waziri Mkuu wa 1961 alikuwa mwenye serikali. Huyu wa 1972 ni mnyapara wa mikoa, na simaanishi vibaya, mnyapara mzuri ni mtu wa maana sana shambani.

Mtu aliyewahi kufanya kazi mkoani anajua ziara ya Waziri Mkuu ikoje. Wiki mbili kabla, simu inaingia. Mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa, mashimo yanazibwa kwa kifusi, na sisi masjala tunalala ofisini kudurufu taarifa ya mkoa, nakala arobaini, zipigwe spairo, kurasa zisipishane. Mara moja nilikaa safu ya nyuma ukumbini mgeni akiwa mbele. Ile taarifa yetu hakuifungua. Alichomoa kikaratasi mfukoni, akauliza habari za zahanati moja tu ambayo ukuta wake ulikuwa umefika kwenye lenta miaka mitatu. Mhandisi akasimama. Akaanza kujibu, akasita, akakaa bila kuambiwa akae.

Hiyo ndiyo kazi ya Waziri Mkuu wa Tanzania. Katiba, ibara ya 52, inampa udhibiti na usimamizi wa shughuli za Serikali za kila siku, na inamfanya kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri ni Rais. Karibuni.

kijiwe_nongwa

Uzi bila picha, tena mrefu kama treni ya mizigo. Nimesoma yote lakini. Huyo mhandisi yuko wapi siku hizi?

mtu_wa_masjala

Alihamishwa. Sisi tuliandika barua.

Nyali_254

Mwenye uzi, heshima. Shemeji yako anatuaibisha, mpelekee haya.

Kenya tumekuwa na Waziri Mkuu mara mbili, na hao wawili hawafanani hata kwa kope. Wa kwanza ni Mzee Jomo Kenyatta, 1 Juni 1963, Madaraka Dei yenyewe. Hadithi ni ile yenu tu: Gavana Jenerali yuko pale kwa niaba ya Malkia, 12 Desemba 1964 tukawa Jamhuri, Mzee akapanda kuwa Rais na cheo cha nyuma kikazikwa. Kikalala miaka arobaini na zaidi.

Wa pili ni hayati Raila Odinga, na huyu cheo chake hakikutoka kwa mwalimu yeyote wa katiba, kilitoka kwenye moto. Uchaguzi wa Desemba 2007 mnaujua. Kwenye ghasia za baada yake watu walikufa zaidi ya elfu moja. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaja kupatanisha, wakafungiana, na 28 Februari 2008 Rais Kibaki na Raila wakatia sahihi Mkataba wa Kitaifa pale nje ya Jumba la Harambee. Raila akaapishwa Aprili. Ndiyo serikali ya nusu mkate, ya kugawana madaraka.

Kwa maswali yako matatu: nani alimpa kazi? Mkataba, kwa kuwa ndiye kiongozi wa chama chenye wabunge wengi. Nani wa kumtoa? Rais hakuwa na uwezo huo, ni Bunge tu kwa kura ya kutokuwa na imani. Kiti cha Baraza? Kibaki. Hapo ndipo mkate ulipoanza kuvunjika makombo. Sheria ilimpa Raila mamlaka ya "kuratibu na kusimamia" kazi za serikali. Maneno mawili, basi. Kusimamia ni mpaka wapi?

Jibu tulilipata Februari 2010. Kulikuwa na kashfa mbili, ya mahindi na ya pesa za elimu ya msingi bila malipo. Raila akawasimamisha kazi mawaziri wawili kwa miezi mitatu, William Ruto wa Kilimo na Sam Ongeri wa Elimu. Jua halijazama, Kibaki akatoa taarifa kwamba hao wawili wako kazini na Waziri Mkuu hana mamlaka hayo. Nilikuwa kwa kinyozi Kongowea, redio imewashwa. Mzee aliyekuwa amenyolewa upande mmoja akasema, "Basi amepewa ule upande usio na siagi."

Na ile ya kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni, nyinyi imeandikwa kwenye katiba. Sisi iligeuka kuwa vita. Mwaka 2009 Kibaki alimpeleka Makamu wake, Kalonzo Musyoka. Raila akajipeleka mwenyewe. Barua mbili mezani kwa Spika, serikali moja! Kenneth Marende akakataa zote mbili, akawaambia wakaelewane kwanza, na kwa muda huo kamati ya kupanga shughuli za Bunge akaikalia mwenyewe.

Katiba ya 2010 haina Waziri Mkuu. Cheo kikaisha na uchaguzi wa 2013.

Mudavadi ni jambo lingine kabisa. Cheo chake kilibuniwa 2022 kwa amri ya Rais Ruto, kwenye katiba hakimo. Aliyempa ndiye anayeweza kumnyang'anya kesho asubuhi. Tena sasa kabebeshwa na Mambo ya Nje. Na kwa Kiswahili haitwi Waziri Mkuu, maneno yamegeuzwa: Mkuu wa Mawaziri. Kwa masikio ya mtoto ni kitu kimoja, najua.

mtu_wa_masjala

Nyali, ubarikiwe. Na ona ajabu ilivyo: mahali ambapo wenu alishindwa kumsimamisha waziri mmoja, wetu akiondoka mawaziri wote wanaondoka naye. Februari 2008, Edward Lowassa alipojiuzulu kwa sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme, Baraza zima lilivunjika siku hiyo hiyo, kwa sababu Katiba inasema nafasi ya Waziri Mkuu ikiwa wazi na mawaziri nafasi zao ziko wazi. Wanaoteuliwa na Rais wanaangushwa na kuondoka kwa mtu ambaye hakuwateua. Ni mabaki ya ule ukoo wa 1961, nadhani. Mnyapara ana mfupa mmoja wa mwenye shamba.

Mfupa mwingine ni kuthibitishwa. Rais anamteua kutoka wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi, halafu Bunge linampigia kura. Bunge hilo hilo linaweza kumpigia kura ya kutokuwa na imani. Mwaka 2012 Zitto Kabwe alizungusha karatasi ya saini dhidi ya Mizengo Pinda. Haikufika kwenye kura, ila mwezi uliofuata Baraza lilipanguliwa na mawaziri kadhaa wakaachwa.

MjiMkongwe_baraza

Assalaam alaykum. Nyote mumeanza 1961 kama kwamba kabla ya hapo kulikuwa hakuna watu.

Unguja tulikuwa na Waziri wa Kwanza tangu 1891, na alikuwa Muingereza. Lloyd Mathews, luteni wa jeshi la majini, aliyekuja kumfundishia Sultani, Sayyid Barghash, askari wake. Waingereza wakamuweka awe Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani, kwa sharti ambalo nataka mulisome polepole: Sultani hana ruhusa ya kumuondosha. Anamjibu Balozi wa Uingereza peke yake. Kwa hivyo yakhe, ukiuliza yale matatu ya mwenye uzi, waziri ni wa Sultani kwa jina, mshahara unatoka hazina ya Sultani, na kumtoa hawezi. Alikaa mpaka alipokufa, 1901.

Halafu Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa uhuru wa 10 Disemba 1963. Siku thelathini na tatu, yakaja Mapinduzi. Jina la Waziri Mkuu akalishika Abdullah Kassim Hanga miezi mitatu na kitu, chini ya Mzee Karume, mpaka Muungano.

Baada ya hapo Zanzibar jina hilo halikutumika tena, na mie naona sababu iko wazi: "Mkuu" ilishachukuliwa na Bara. Ilipokuja 1983 tukataka mtu wa kuendesha SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, siku kwa siku na kusimama Baraza la Wawakilishi, ndilo bunge letu, akaitwa Waziri Kiongozi. Ramadhan Haji Faki wa mwanzo, kisha Maalim Seif mpaka alipoondoshwa Januari 1988, Dk. Omar Ali Juma, Dk. Bilal, na Shamsi Vuai Nahodha wa mwisho. Kwa Kiingereza ni Chief Minister, kama wale wa majimbo ya India, lakini kazi ilikuwa ni ile ile ya Waziri Mkuu wa Dodoma.

Mwaka 2010, baada ya maridhiano na kura ya maoni ya Julai, ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Waziri Kiongozi akafutwa na kazi zake akapewa Makamu wa Pili wa Rais, ambaye ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi. Makamu wa Kwanza anatoka chama kilichokuja nyuma kwa kura. Sasa mgeni akisoma tu majina atamdhani wa Kwanza ndiye mwenye nguvu kumshinda wa Pili. Muulize nani anaitwa Barazani kujibu hoja.

kijiwe_nongwa

Hapo kwa Mathews nimeweka simu chini kwanza. Waziri ambaye bosi wake hawezi kumfukuza, na bosi ndiye anayemlipa.

dogo_wa_sheria

Shikamooni. Swali la kitoto. Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki, aliyeapishwa ni Mama Samia, Makamu. Waziri Mkuu ndiye aliyekuwa anaonekana kila siku kwenye barabara na mahospitali. Kwa nini mtu wa shughuli za kila siku siye anayerithi?

mtu_wa_masjala

Marahaba. Si swali la kitoto, ndiyo fundo lenyewe.

Kuna wakati vyeo hivyo vilikuwa kwa mtu mmoja. Joseph Warioba, 1985 mpaka 1990, alikuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. John Malecela baada yake vile vile. Sababu ni Muungano: Rais, Mzee Mwinyi, katoka Zanzibar, basi Makamu wa Kwanza sharti atoke Bara. Wakati wa Mwalimu ilikuwa kinyume, Rais wa Bara na Makamu wa Zanzibar, Aboud Jumbe, ambaye pia ndiye Rais wa Zanzibar.

Vyama vingi vikaja 1992, watu wakaona shimo. Je, Zanzibar ikichagua Rais wa upinzani, naye aingie Ikulu ya Dar kama Makamu wa Rais wa chama kingine? Mwaka 1994 Katiba ikarekebishwa: Makamu ni mmoja, anapigiwa kura pamoja na Rais kama mgombea mwenza, mmoja wa upande huu wa Muungano na mwingine wa upande ule. Urithi ukaenda kwake. Waziri Mkuu akabaki na kazi za kila siku. Mwaka 2021 sharti hilo ndilo lililofanya kazi, lililotungwa kwa hofu ya jambo jingine kabisa.

Na hata zile kazi za kila siku zinahamahama. TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), ile mikoa aliyokabidhiwa Kawawa, imekuwa ikitoka na kurudi. Wakati wa Kikwete ilikuwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwishoni mwa 2015 Magufuli akaihamishia Ofisi ya Rais. Sisi masjala tulijuaje? Zilikuja barua zenye kichwa kipya. Tulikuwa na karatasi za kichwa cha zamani, bunda kumi na moja hazijafunguliwa, maana mzabuni alikuwa ameleta mwezi uliotangulia. Tukazifanya za kuandikia rasimu kwa nyuma. Nina hakika mpaka leo kuna mtu anaandika hesabu za chai nyuma ya "Ofisi ya Waziri Mkuu".

boda_ya_Mutukula

Niko Kampala mwaka wa tisa, nauza vipuri. Naongeza ya huku kwa ufupi.

Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu wa Uhuru 1962, na mwaka uliofuata Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda, Mutesa, akawekwa Rais wa heshima. Tofauti na Nyerere na Kenyatta, hapa viti viwili vilikuwa na watu wawili, na kila mmoja na watu wake nyuma. Mwaka 1966 Obote akaisimamisha katiba, akajifanya Rais, na Mei jeshi likaivamia ikulu ya Kabaka kule Mengo. Mutesa akakimbilia London. Cheo kikapotea mpaka 1980.

Cha siku hizi kimewekwa kwenye katiba kwa marekebisho ya 2005: kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni na mratibu wa wizara. Robinah Nabbanja alikipata 2021. Lakini ofisi yake ndiyo inayoshika wakimbizi, maafa, na mambo ya Karamoja. Ile skendo ya mabati ya Karamoja ya 2023 ilitokea humo. Waziri Mkuu wenu anakagua zahanati, wa huku anagawa mabati na mablanketi.

Na Buganda wana wao, Katikkiro, ambaye kwa Kiingereza anaitwa Waziri Mkuu pia. Charles Peter Mayiga, tangu 2013. Hapigiwi kura na bunge la nchi, anateuliwa na Kabaka. Mteja akiniambia "Waziri Mkuu kasema watu walime kahawa", inabidi niulize wa Mengo au wa serikali. Kwa kahawa, mara nyingi ni wa Mengo.

profesa_wa_stendi

Mnajisumbua. Ni cheo cha Mwingereza, tungekiacha tu kwake. Kwake kinaeleweka.

mtu_wa_masjala

Kwake? Robert Walpole, anayehesabiwa wa kwanza, alishika madaraka 1721, na "waziri mkuu" lilikuwa tusi la wapinzani wake, yeye mwenyewe alilikana. Kazi yake rasmi ilikuwa Bwana wa Kwanza wa Hazina. Cheo cha Waziri Mkuu hakikutambuliwa rasmi mpaka 1905, kwenye orodha ya nani anamtangulia nani kwenye hafla za Mfalme. Na mpaka leo kibati cha mlango wa 10 Downing Street, pale pa kutumbukizia barua, kimeandikwa Bwana wa Kwanza wa Hazina.

profesa_wa_stendi

Sawa, nimekaa.

Nyali_254

Mwenye uzi, shemeji amesemaje?

mtu_wa_masjala

Nimempigia jana jioni nikamsomea yote mpaka pale kwa Marende. Akasema yeye tangu mwanzo alimaanisha hivyo hivyo. Mashemeji!

Nikamwomba ampe simu mpwa. Kumbe kazi ya nyumbani alishaikusanya Jumatatu. Ya kwanza kaandika: kuongoza shughuli za Serikali bungeni. Vyema. Ya pili: kusimamia kazi za Serikali za kila siku. Vyema. Ya tatu aliikosa, akaandika, "Kuuliza zahanati kwa nini haijaisha."

Mwalimu kampa nusu maksi.